Mtulizaji wa Mtendeni

Kila asubuhi, kabla hajakaa, mtulizaji wetu alikata kucha. Hata kama alizikata jana, alisimama kwenye ngazi ya studio na nusu wembe aliyoifunga kwa kitambaa, akakwangua kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Kisha alivua bangili, pete na saa, akavitia kwenye kikombe cha bati. Akanawa kwa sabuni ya mche hadi viwikoni. Akakumbatia chupa ya maji ya moto mpaka viganja vishike joto. Ndipo aliponiuliza, "Haya fundi, nani wa kwanza leo?"

Studio yetu iko Mtendeni, kati ya duka la vitenge na fundi cherehani mmoja anayekohoa sana. Kazi yenyewe ni hii. Mtoto mchanga analetwa akiwa na siku kumi au ishirini. Wengine wanangoja arobaini itimie kwa sababu bibi zao hawataki atoke nje mapema. Anavuliwa, anafungwa kitambaa laini, analazwa kapuni, na anapaswa kulala fofofo huku mimi nikimzunguka na kamera. Mtindo huu umetufikia kutoka Dar kwa njia ya simu. Zamani mtoto wa hapa Tabora alipigwa picha mapajani mwa mama yake, amekodoa macho, wanja umekolea kwenye nyusi, na kama analia basi analia. Siku hizi wazazi wanataka aonekane kama hajazaliwa bado. Watoto wengi hawakubaliani na wazo hilo, na hapo ndipo tulipomhitaji mtulizaji.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Nilifanya naye kazi miaka sita, na mambo hayo hayakuwahi kuja kwenye mazungumzo. Nitaeleza alivyofanya kazi. Nitaeleza pia kwamba nilimkosea, na kwamba kwa miaka mitatu sikujua kama angekubali kumshika mtoto wangu siku nikipata mtoto. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwake halikuwa dogo, kwa sababu alikuwa na sharti.

Sharti lilikuwa kwamba mtu mwenye kinyongo hashiki mtoto. Akiamka amegombana na mtu, hagusi mtoto wa mtu yeyote, na mtoto wa yule aliyegombana naye ndiyo kabisa. "Mtoto anasikia kifua kabla hajasikia sauti," alisema. "Ukimweka kwenye kifua chenye kitu, atalia mpaka akupasue masikio, na ana haki." Siku moja alikuja akakaa kwenye benchi, mikono ameikunja, akaniambia niahirishe. Ameshikana maneno na muuza mkaa. Mteja alikuwa ameshamvua mtoto nguo, feni imezimwa, taa zimewashwa, nami nikakasirika kama mtu yeyote mwenye studio. Yeye aliinuka, akafunga kanga yake, akaondoka. Alirudi baada ya saa nzima na gunia la mkaa begani na tabasamu. "Wagombanao ndio wapatanao," alisema, akaenda kunawa weusi. Mtoto yule alilala kama aliyelipwa kulala, na mimi nilibaki nimenuna mpaka jioni.

Alikuja kwetu kwa bahati. Kazi yake ya zamani ilikuwa kukanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua: maji ya moto, mafuta, kufunga tumbo, uji wa pilipili manga. Alimsindikiza mama mmoja aliyekuwa akimwuguza, akakaa pembeni kama mgeni. Mtoto alilia saa mbili. Nilijaribu njuga, nilijaribu pamba, nilijaribu kupiga mluzi. Mwisho akasema bila kuinuka, "Zima hiyo feni." Nikazima. "Na wewe toka kidogo, una haraka, mtoto anaiona." Nikatoka kwenye studio yangu mwenyewe nikasimama barabarani. Niliporudi mtoto alikuwa amelala kwenye kapu na mama yake amelala kwenye kiti, na yeye alikuwa akiitazama kamera yangu kwa jicho la mtu anayetazama mbuzi wa jirani. Nikamwuliza kama anaweza kuja na kesho. Akasema kesho ni soko, atakuja keshokutwa.

Alianza na mama siku zote. Wateja wapya hawakulielewa jambo hilo. Walitegemea amchukue mtoto, yeye alivuta kigoda akakaa karibu na mzazi na kumwuliza amelala saa ngapi, nani anampikia, mgongo unasemaje. Wengine walianza kulia. Aliwaacha walie. Alishawahi kutumia nusu saa kumsikiliza mama mmoja akimsema wifi yake, wifi mwenyewe amesimama hapo hapo ameshika mfuko wa nepi. Walipomaliza, wote watatu walicheka, na mtoto alikuwa amekwisha kulala bila kuguswa.

Mtoto alimsoma kwa utaratibu uleule kila mara. Tumbo kwanza, kisha nepi, kisha baridi au joto, kisha usingizi, na mwisho kabisa hofu. Mama akisema, "Amenyonya sasa hivi," yeye alijibu, "Vizuri," halafu akamgusa mtoto pembeni ya mdomo kwa kifundo cha kidole. Mtoto akigeuza uso na kuanza kutafuta, anarudishwa kwa mama yake bila mjadala. Alisema "sasa hivi" ya mzazi mwenye usingizi haina saa. Si kwamba hakuwahi kukosea. Kuna siku aling'ang'ania kwamba mtoto anasikia baridi, tukamfunika na kumfunika mpaka mimi nikatoka jasho kwa kumwangalia, kumbe lebo ya kofia mpya ilikuwa inamchoma shingoni. Alijicheka wiki nzima. Kila aliyepita alihadithiwa.

Kisha kulikuwa na ule mvumo wake. Hakuimba, alivuma, mdomo umefungwa, sauti nene inayopanda kidogo na kushuka kidogo, mtoto amelazwa chini ya koo lake. Hakukuwa na maneno. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtoto haelewi maneno, na mama anaelewa mno, ataanza kufikiria. Nilimwuliza pia aliutoa wapi. Mara ya kwanza alisema ni wimbo wa kutwanga wa shangazi yake. Mara ya pili alisema ni wa kanisa la Moraviani, ameusikia dirishani akipita na ndoo, yeye Mwislamu wa kuswali swala tano. Mara ya tatu alisema ni sauti ya mashine ya kusaga. Sikuuliza mara ya nne.

Mambo yake mengine hayakupatana. Mtu huyu aliyenena na vichanga kwa pumzi, sokoni alikuwa na sauti ya kusimamisha toroli. Alikataa wateja waliojipaka manukato, lakini alikuwa na kidau cha ugoro kwenye pindo la kanga, na kazi ikiisha alivuta mara mbili na kupiga chafya mpaka fundi cherehani akamwambia "pole" kupitia ukutani. Na watoto wenyewe, hakuwapenda wote. Aliwapenda mpaka waanze kutembea. Baada ya hapo aliwafukuza uani kwake kwa ufagio. Mama mmoja alimletea mtoto wa miaka miwili, akamwambia kwa furaha, "Huyu ndiye yule uliyemlaza!" Akamtazama mtoto kutoka juu mpaka chini. "Ameshakuwa mtu kama sisi," alisema. "Mpe biskuti aende."

Picha hakuzijali kabisa. Nilikuwa nikimwonyesha kazi iliyokamilika, mtoto amelala kwenye kapu la ukindu, mwanga umemkaa vizuri shavuni, nikingoja neno. Alitazama kwa adabu. "Hapa amelala," alisema. "Najua, nilikuwepo."

Tuligombana hasa juu ya mikao. Mimi niliona kwenye simu mtoto amekunjwa, kidevu kimewekwa juu ya viganja vyake, viwiko vimesimama, kama mzee anayewaza. Nilitaka sana picha ile, kwa sababu studio moja ya mjini ilikuwa imeanza kuipiga. Akasema hapana. Nikamweleza kwamba watu wazima wanamshikilia mtoto na mikono yao inafutwa baadaye kwenye kompyuta. Akasema hata hivyo hapana. "Mtoto si chapati, fundi. Hakunjwi." Nilipoteza wateja wawili au watatu, na nilimwambia hivyo. Akaniambia waliobaki shingo zao ziko sawa.

Mfuga nyuki mmoja wa Usinge alikuja kwa treni na mke wake, mama yake, mtoto wa mwezi mmoja na nusu, na mzinga mpya wa gogo ambao hajautundika msituni bado. Babu wa mtoto alitaka mjukuu apigwe picha ndani ya mzinga huo. Walisalimiana na mtulizaji kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," "Mwangaluka, mhola?" wakaenda hivyo kwa dakika kadhaa wakiulizana hali za watu nisiowajua. Kisha mtulizaji akauchukua ule mzinga akaupiga maji ya moto, akauanika kwenye jua, akaupapasa ndani nzima, na akaulaza mkono wake mtupu humo akakaa hivyo, amefumba macho, muda ambao ungetosha kunywa chai. Nikamwuliza anafanya nini. "Nasikiliza kama unawasha." Haukuwasha. Akautandika kanga mbili, mtoto akaingia. Alipoanza kulalamika, bibi yake akatoa kichupa cha asali ampake ulimini. Mtulizaji akamzuia mkono, taratibu, kwa heshima yote. "Mama, hiyo ni ya watu wazima. Manesi wamesema miezi sita ni maziwa tu, na kwa hili nakubaliana nao." Bibi alinuna. Mwishoni alimpa mtulizaji kile kichupa, naye mtulizaji akaenda nacho kwake akala kwa kijiko mpaka kikaisha. Picha ile bado iko ukutani kwangu, na watu wanaitazama kuliko nyingine zote.

Sasa kosa langu.

Mtulizaji alikuwa na polepole yake. Mtoto mmoja tu aliweza kumchukulia asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimeanza kupata wateja kutoka mbali, na nilijiambia kwamba kinachowatuliza watoto ni ule mvumo, haya mengine ni mbwembwe za utu uzima. Siku moja niliwasha kinasa sauti cha simu, nikaichimbia simu chini ya vitambaa kapuni, karibu na alipokaa. Nikapata dakika arobaini safi. Sikumwambia. Nilijua kwamba ningepaswa kumwambia, ndiyo maana nilichimbia simu.

Baada ya muda alifiwa Usinge, akaenda kukaa matanga. Alisema angekaa wiki. Siku ya pili nikapokea wateja. Nikaweka spika ndogo nyuma ya kapu, nikafungulia mvumo, na mtoto wa kwanza akalala. Wa pili akalala. Niseme kweli, nilifurahi. Nilifanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, na sikuulizwa mgongo wa mtu unasemaje.

Siku ya nne wakaja mume na mke vijana, wakulima kutoka vijiji vya pembeni, mtoto wao wa kwanza, ana siku tisa. Mama alikuwa amechoka sana. Alisema mtoto amekuwa mpole tangu jana, hasumbui kabisa. Mimi nikasema, "Safi sana." Sikumgusa pembeni ya mdomo. Nilimvua, nikamfunga, nikamlaza, spika ikavuma, na mtoto hakukunja hata kidole. Nilimgeuza huku na huku kama nilivyotaka. Nakumbuka niliwaza kwamba huyu ndiye mteja bora niliyewahi kupata.

Nusu saa ikapita. Mtulizaji alikuwa amerudi mapema kutoka matangani, akapita kunisalimu kabla ya kwenda kwake, begi bado liko mkononi. Alisimama mlangoni. Chumbani humo sauti yake ilikuwa ikivuma na yeye mdomo wake umefungwa. Aliangalia spika. Kisha aliangalia kapu, akaangusha begi, akapita katikati yetu bila kuvua bangili wala kunawa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimpiga mtoto nyayo kwa ukucha. Hakuna. Akapiga tena. Mtoto akatoa kisauti kidogo kama mlio wa bawaba ya mlango. Akamfunua jicho dirishani, akatuonyesha: weupe wa jicho ulikuwa wa manjano.

"Amenyonya lini?"

Mama yake akasema asubuhi. Halafu akasema labda usiku. 

"Huyu hajalala," mtulizaji alisema. "Huyu ameishiwa nguvu za kulia. Fundi, bajaji!"

Nilikimbia barabarani nikiwa peku. Walimpeleka hospitali, yeye ameketi katikati amemshika mtoto ndani ya kanga yake ya msiba, njia nzima akimfinya sikio na kumwita. Walilazwa siku sita. Mtoto alipona. Ninalisema mapema kwa sababu wanaosikia kisa hiki huwa hawapumui mpaka nifike hapo, na mimi siku zile nilikuwa hivyo hivyo.

Jioni ile alirudi studio kuchukua begi. Spika ilikuwa imezimwa.  Akachukua kikombe chake cha bati, beseni, chupa ya maji ya moto. "Ungeniomba ningekupa," alisema. "Ningekupa na kukuambia isipigwe pasipo mtu wa kumwangalia mtoto." Hakupandisha sauti. Yule aliyesimamisha matoroli sokoni alizungumza nami kama anazungumza na kichanga, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliondoka, hakurudi tena. Baadaye nikasikia amehamia Itetemia kwa binti yake.

Nilimtumia sukari na doti ya kanga kwa mkono wa fundi cherehani aliyekuwa na shamba huko. Hakukuwa na jibu. Mwaka uliofuata nikatuma tena, sukari na mchele. Kimya. Nikakiri moyoni kwamba ana kinyongo, na kwamba ana haki nacho. Kazi niliendelea nayo kwa namna yake: feni inazimwa, mama anaulizwa, tumbo kwanza. Sauti niliiacha ndani ya simu. Sikuifuta na sikuipiga.

Mwaka huu tumepata binti, mimi na mke wangu. Ni mtoto wa kulia. Wazee wakasema mpelekeni kwa watu wamshike, na mke wangu, aliyekijua kisa chote, akasema tunajua pa kuanzia. Nilitoa visingizio wiki mbili. Arobaini ilipotimia akamvalisha mtoto, akamnyonyesha, akakaa mlangoni na mfuko wake, basi.

Tulimkuta mtulizaji barazani akipembua maharage kwenye ungo. Binti yake ndiye aliyetupokea. "Semeni kwa nguvu," alituambia. "Masikio yamekwisha. Anaangalia midomo."

"Shikamoo mama!" nikasema.

"Marahaba." Alinitazama muda. "Fundi."

"Ndiyo, mama."

"Umenenepa."

Tukakaribishwa mkeka. Aliuliza habari za Mtendeni, za fundi cherehani na kifua chake. Kisha akauliza, mikono bado iko kwenye maharage, "Na yule mtoto?"

Sikuhitaji kuuliza yupi. Nikamwambia yuko mzima, nimemwona na mama yake sokoni, ana miaka mitatu, anakimbia, amevunja mayai ya mtu.

"Basi huyo tena simtaki," alisema, na mke wangu akacheka peke yake. "Ile sauti yangu unayo bado?"

"Ninayo. Sijaipiga tena."

 Alitikisa ungo, akatupa kijiwe kimoja, akamtazama binti yangu aliyekuwa ameamka mgongoni mwa mama yake. Nikasema nilichokuja kusema, na ilibidi nikiseme kwa kupiga kelele, hata majirani wakasikia: "Mama, tumemleta umshike. Kama moyo wako unakubali."

Aliusogeza ungo pembeni. Kisha akamwambia binti yake, "Niletee wembe."

Alikata kucha. Alivua bangili, moja ilikataa akailainisha kwa mate. Akanawa hadi viwikoni, akashika kikombe cha chai mpaka viganja vikapata joto. Nilimtazama na nilihisi machozi yako karibu, nikageukia ukuta. Mke wangu alimpa mtoto. Mtulizaji akamlaza chini ya koo lake, akafumba macho, akaanza kuvuma.

Mvumo haukuwa ule. Mwenyewe hausikii tena, kwa hiyo ulipanda palipopaswa kushuka, ukakatika, ukaanza upya mahali pengine. Mtoto alitulia kidogo. Halafu akakunja uso, akavuta pumzi, akapiga kelele iliyowatoa kuku barazani.

Nililijua sharti vizuri kuliko mtu yeyote. Mke wangu alinyoosha mikono amchukue, nikamzuia, sijui kwa nini. Mtoto alilia amekuwa mwekundu, na mtulizaji aliendelea kuvuma, macho yamefumbwa, hana habari. Nikajiambia, basi, jibu nimelipata.

Akafumbua macho. Alihisi mtoto anatikisika kifuani pake. Akanitazama mdomo.

"Analia?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilifikiria kumwambia hapana.

"Analia, mama," nikasema.

Akamwinua kidogo, akamgusa pembeni ya mdomo kwa kifundo cha kidole. Kichwa kikageuka, mdomo ukaanza kutafuta.

"Ana njaa huyu," alisema. "Mpe mama yake."

"Nimemnyonyesha sasa hivi," mke wangu akasema.

Binti wa mtulizaji alimrudishia mama yake maneno hayo kwa nguvu. Mtulizaji akatikisa kichwa. "Sasa hivi ya Mtendeni au ya hapa?"

Mke wangu akampokea mtoto, akajigeuza upande. Mimi nilikuwa bado nimeganda pale pale kwenye mkeka. Uso wangu nadhani ulisema kila kitu, kwa sababu aliniangalia, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaacha kuniita fundi.

"Sina kitu kifuani, mwanangu. Kilitoka siku niliyosikia yule mtoto amerudishwa nyumbani." Aliuvuta ungo wake, akaanza tena kupembua. "Sukari ilifika. Mchele ulifika. Wewe hukufika."

 Alichambua maharage kidogo, kisha akainua kichwa akatazama mgongo wa mke wangu.

"Amenyamaza?" akaniuliza.

Nikasogea mbele yake, ili auone mdomo wangu vizuri.

"Amenyamaza, mama."